Kiti cha Chini ya Feni

Nimesimama nyuma ya kaunta ya baa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote sijawahi kuvuta sigara hata moja. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu wa kazi yangu akikohoa anaulizwa swali lile lile, na akijibu hapana anaangaliwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mdogo wangu naye hajawahi kuvuta. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia. Nikizunguka njiani mnivumilie, nimechoka, na si uchovu wa leo.

Baa yenyewe si kubwa. Ukiingia unakutana na meza nane, halafu kaunta ndefu ya mbao inayoanzia karibu na mlango na kuishia kwenye ukuta wa nyuma. Mwisho wa kaunta, juu ukutani, kuna tundu la duara lenye feni kubwa ya chuma, na upande wa pili wa ukuta huo ni uani. Chini ya feni kuna kiti kirefu chenye mto mwekundu. Kiti hicho kilikuwa cha mdogo wangu. Mimi nilikaa upande wa mlangoni, kwenye friji linalonguruma na walevi wanaoniita mchumba, yeye upande wa feni, kwenye upepo. Nilimpa mwenyewe kiti kile, na nilijiona dada mwema sana.

Zamani watu walivuta humo humo ndani. Siku nilipoanza kazi dari ilikuwa nyeupe. Mwaka wa tatu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mwaka wa kumi ya chai ya rangi. Nikiloweka mapazia, maji yalitoka ya kahawia hadi nikadhani kitambaa kinachuja. Tuna mteja mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa pakiti mbili kwa siku, ambaye alikuwa akiinua kichwa na kuitazama dari ile kwa fahari. "Hii nimeipaka mimi, Mama Kaunta," aliniambia. "Sigara moja moja. Na sijadai ujira."

Kisha likaja katazo. Bosi akabandika karatasi ukutani yenye picha ya sigara iliyokatwa mstari, akapaka dari rangi mpya, na uani akaezeka mabati na kuning'iniza turubai pande zote ili mvua isiingie na macho ya barabarani yasiingie vilevile. Akaweka viti vya plastiki na visahani vya majivu. Wavutaji wakahamia huko na glasi zao, Mwalimu akiwa mbele, akiaga dari kwa mkono. Ndani tukabaki sisi, karatasi yetu na hewa safi. Ndivyo tulivyoiita, hewa safi. Harufu haikuondoka, lakini nani angeishangaa? Tulisema imo ndani ya mbao, imo kwenye matofali, itaisha yenyewe. Na ukweli ni kwamba pua zetu zilikwisha kufa zamani. Ukinipa kitunguu na sabuni nikiwa nimefumba macho, huenda nikakatia sabuni kwenye mchuzi.

Mdogo wangu alikuja kazini mwaka uliofuata, baada ya kiwanda alichokuwa akishona mashati kufungwa. Nilimwombea kazi mimi. Nilimpigia bosi magoti, si kwa mfano, magoti yenyewe, kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Tumepishana miaka kumi na mmoja, nimembeba mgongoni, na jambo moja ninalolijua kuhusu yeye ni kwamba havumilii joto. Utotoni alikuwa akitoroka kitandani na kulala sakafuni. Kwa hiyo siku ya kwanza nilimshika mkono, nikampitisha nyuma ya kaunta hadi mwisho, nikamwambia, "Kaa hapa mdogo wangu, upate upepo." Alikaa, feni ikampepea nywele, akafumba macho akacheka.

Alikaa pale miaka minne.

Kikohozi kilianza mwaka wa tatu, taratibu, kama mgeni anayesema hakai sana. Tulikipa kila jina. Mara vumbi, mara baridi ya friji, mara maziwa mabaya. Baadaye akawa hawezi kupanda ngazi za nyumbani kwake bila kusimama katikati na kushika ukuta. Siku alipoanguka akiwa na trei ya glasi ndipo tulipokwenda hospitali, mimi na yeye.

Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye haraka. Aliinua picha ya kifua aliyopigwa kwenye mwanga, akamuuliza, "Unavuta tangu lini?" Hakuuliza kama anavuta, aliuliza tangu lini. Mdogo wangu akasema havuti. Daktari akainama kidogo kuelekea kwake, akanusa, kweli akanusa, halafu akaandika. Nilikuwa nimekaa karibu, niliona alichoandika kwenye faili: anavuta, anakana.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri dawa. Watu walikuwa wengi, lakini kila mtu na lake. Nikamsogelea, nikashusha sauti kabisa, ile sauti ya dada, nikamwambia, "Niambie mimi peke yangu. Sitamwambia mtu. Unavuta?"

Alinitazama. Hakujibu. Baada ya muda dirisha la dawa likaita jina lake, akainuka akaenda. Na mimi, kwa akili yangu hii, nikasema moyoni: kumbe.

Tuliporudi nyumbani kwake kulikuwa na shemeji. Mume wa mdogo wangu hushona viatu kibarazani kwake. Ni mtu asiye na maneno mengi, na kitu kimoja tu kinachomtoa kwenye utulivu wake, nacho ni uongo. Alilisoma lile faili mstari kwa mstari kwa kidole. Hakupiga kelele. Alianza kukusanya ushahidi tu, siku baada ya siku, kama mtu anayetenganisha misumari mibovu na mizima. Alitoa kiberiti kwenye mkoba wa mkewe. Mkewe akamwambia ni cha kuwashia mishumaa mezani umeme ukikatika. Akatoa foronya ya mto wao, akaitandika mezani mbele yangu: upande wake mweupe, upande wa mkewe wa njano. "Nieleze hiyo njano, shemeji," aliniambia. "Mnafanya kazi pamoja. Nieleze tu." Nikasema labda ni mafuta ya nywele. Hata mimi nilisikia sauti yangu ilivyolegea.

Siku hiyo alichukua blanketi lake akahamia sebuleni. Alimhudumia mkewe vizuri, alimpikia uji, alimpimia dawa, lakini hakulala chumba kimoja naye na hakumwita tena kwa lile jina lao la ndani. "Ugonjwa nitauguza," aliniambia mlangoni. "Mtu anayeniangalia machoni akanidanganya miaka yote, huyo simjui." Wiki tano wakaishi hivyo, na mdogo wangu akawa anakonda kwa mambo mawili.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa alasiri ile alipoingia yule binti wa kipimo.

Alikuwa kijana wa ofisi ya afya, mwenye viatu vya kutembelea na mkoba mzito begani. Akasema wanapita kwenye baa zote za mtaa kupima hewa ya ndani. Bosi akafurahi. Bosi wangu ni mtu anayependa kukaguliwa kwenye kitu anachoamini amekifaulu.

"Karibu, karibu," akasema. "Hapa kwetu hakuna moshi. Soma karatasi hiyo."

"Nimeisoma," binti akajibu. "Shikamoo mama."

"Marahaba," nikamwitikia, nikaendelea kufuta glasi.

Alitoa kwenye mkoba kifaa cheusi, ukubwa wa nusu mkate, chenye mrija mfupi mbele na namba za kuwaka juu. Kikaanza kuvuma polepole. Nikamuuliza kinakula nini. Akacheka, akasema kinahesabu vumbi dogo sana la hewani, lile linalopita puani bila kuonekana na kwenda kukaa chini kabisa ya mapafu. Moshi wa sigara ndio huleta vumbi hilo kwa wingi zaidi humu mijini ndani ya majumba, namba ikipanda sana ujue kuna kitu kinaungua karibu.

Alikuwa ameanzia barabarani: ishirini na mbili. Mlangoni kwetu arobaini. Kwenye meza za kati sabini na kitu. Bosi akasema ni vumbi la viatu. Kwenye friji langu, mia na kumi. Binti akaandika, akasogea pole pole kando ya kaunta kama mtu anayemfuata kuku gizani, huku macho yake yakiwa kwenye namba. Alipofika kwenye kiti chenye mto mwekundu akakiweka kifaa juu ya mto, pale hasa ambapo mdogo wangu hukaa, akasubiri.

Mia mbili tisini na sita.

"Kifaa kimeharibika," bosi akasema.

Binti alifungua mlango wa nyuma akatoka uani. Mwalimu alikuwa huko na wenzake wawili, mabati juu, turubai pembeni, moshi umesimama katikati yao kama mteja wa nne. Akarudi, akasema, "Kule wanakovuta ni mia tatu arobaini. Hapa ni karibu sawa na kule. Mbona?"

"Haiwezekani," bosi akasema. "Hapa kuna feni ya kutoa hewa. Nimeinunua mwenyewe, boksi lake lilikuwa limeandikwa hivyo. Inatoa."

Binti akaniomba karatasi ya kufutia mikono. Nikampa. Akapanda juu ya kile kiti, akaichana ukanda mwembamba, akauinua mbele ya feni kwa vidole viwili. Wote watatu tuliutazama. Kama feni ingekuwa inatoa, ukanda ungevutwa kuelekea ukutani. Haukuvutwa. Ulikunjuka ukalala kuelekea kwetu, ukatetemeka, ukampiga binti usoni.

"Inaingiza," akasema. "Inachota moshi wote wa uani na kuumimina hapa. Hapa hapa, kwenye hiki kiti."

Nilikuwa nafuta glasi. Niliendelea kuifuta. Glasi ile ilikuwa imekauka zamani, lakini mikono ilitaka kazi.

Kwa sababu nilikumbuka. Ilikuwa miaka sita nyuma, kabla ya katazo, kabla ya mabati na turubai. Uani kulikuwa na kreti tupu na tangi la maji na kivuli kizuri. Mota ya feni iliungua, akaja fundi umeme mmoja mrefu mwenye pengo, akaishusha, akaitengeneza. Ulikuwa msimu wa joto, gauni limenigandia mgongoni. Nikamwambia, "Fundi, ukiirudisha, igeuze itazame huku. Upepo wote unakwenda nje bure." Akasema, "Mama, hii ni ya kutoa." Nikamwambia, "Itoe nini, mtu anakufa kwa joto? Tuletee upepo." Nikamfungulia soda baridi. Akainua mabega, akaigeuza. Upepo wa uani ukaingia, wateja wakapiga makofi, na mimi nikavimba kichwa wiki nzima. Halafu nikasahau. Uani ukaezekwa, wavutaji wakahamishiwa huko, na feni ikaendelea kuleta ilichokikuta. Swichi yake imeunganishwa na ya taa, haikuzimwa hata siku moja. Na kwa kuwa ilileta moshi uliopondwapondwa na kasi ya mapanga yake, hatukuona wingu. Tulisikia ubaridi tu.

"Nani aliifunga hivi?" binti akauliza.

"Fundi," bosi akasema haraka. "Yule mrefu mwenye pengo. Kahama mji. Mafundi wa siku hizi, dada yangu, utalia."

Binti akaandika: feni imefungwa kinyume. Akatoka tena uani kupiga picha. Nikamsogelea bosi.

"Bosi, fundi hana kosa. Ni mimi niliyemwambia aigeuze."

Bosi si mtu mbaya, ni mtu tu mwenye baa. "Umeniambia mimi, imetosha," akasema. "Usimwambie mwingine. Fundi kahama, hata akitukanwa hatasikia."

Na mimi nilisikia nafuu. Sitapaka rangi hapa, nilisikia nafuu hasa, kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana. Bosi alizima feni kwa kukata waya wake, na baa ikawa na ukimya ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka. Mwalimu alichungulia mlangoni akauliza nani amekufa.

Kabla binti hajaondoka nilimwomba aniandikie namba ya kile kiti kwenye karatasi, na maana yake.

"Nani hukaa pale?" akauliza.

"Mdogo wangu. Yuko nyumbani, mgonjwa. Kifua."

Akashusha kalamu. "Anavuta?"

"Hapana," nikasema. "Hajawahi." Lilikuwa jibu langu la kwanza kwa swali lile lisilo na shaka ndani yake, na lilikuwa limechelewa wiki tano.

Akaandika kwa utulivu, herufi kubwa zinazosomeka. Kwamba mhudumu aliyekaa pale kila siku ya kazi alikuwa akivuta moshi wa wateja karibu sawa na aliyekaa uani pamoja nao. Kwamba nguo, nywele na matandiko yake yangeshika harufu na rangi bila yeye kugusa sigara. Kwamba daktari wake anapaswa kuambiwa. Akatia sahihi na mhuri wa ofisi. Nilikunja karatasi ile mara mbili, nikaitia kifuani, nikamwomba bosi ruhusa. Jua lilikuwa bado juu.

Shemeji alikuwa kibarazani, kiatu kimepinduliwa kwenye chuma, misumari midomoni. Nikampa karatasi. Aliisoma kwa kidole kama kawaida yake, akarudia, akatema misumari kiganjani.

"Feni," akasema.

"Feni," nikasema. "Ilikuwa imefungwa kinyume. Ilikuwa inamletea moshi wa uani usoni, miaka minne. Ile njano ya foronya, shemeji, ni ya wateja. Hajavuta. Hajawahi kukudanganya."

Aliingia ndani, nami nikamfuata. Mdogo wangu alikuwa ameegemea mito miwili, shali mabegani, anapumua kwa kazi, kama kawaida ya siku hizo. Shemeji alisimama mlangoni mwa chumba na karatasi mkononi, mtu mzima mwenye mvi, akashindwa kuvuka kizingiti cha chumba chake mwenyewe.

"Nimekukosea," akasema.

Akampa karatasi. Mdogo wangu akaisoma. Machozi yalimtoka bila sauti, na kwa kuwa kulia kunamaliza pumzi, akawa anajizuia, akifuta kwa ncha ya shali. Shemeji akaenda sebuleni. Akarudi na blanketi lake, akalitandika upande wake wa kitanda, akalinyoosha pembe zote nne. Halafu akamwita kwa lile jina lao, ambalo sitalitaja kwa sababu si langu.

Ningeondoka hapo, kila kitu kingekuwa kimekaa sawa. Nilikwisha kushika mkoba. Mume na mke wamepatana, jina la mdogo wangu limesafishwa kwa mhuri, fundi kahama mji. Hata miguu iliniambia twende.

Lakini shemeji alikuwa anavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" mkewe akamuuliza.

"Kumtafuta fundi aliyeifunga feni ya baa yenu. Ni yule mrefu mwenye pengo, namkumbuka, nilimshonea buti. Hata kama kahama, ndugu zake wapo. Nataka nimwone uso. Nataka aje hapa akae kando ya kitanda hiki, akusikie unavyopumua."

Alikuwa anafunga kamba kwa nguvu hadi vidole vikawa vyeupe. Nikamwona anagonga mlango wa watu, anamshika shati mtu ambaye kosa lake ni kunisikiliza mimi na kunywa soda. Nikaweka mkoba chini.

"Kaa, shemeji," nikasema. "Fundi alisema isigeuzwe. Mimi ndiye niliyeigeuza. Nilimwambia atuletee upepo."

Nikawaeleza yote, tangi la maji, kreti tupu, gauni lililoganda mgongoni, soda. Sikujipaka mafuta. Nikasema pia kwamba ni mimi niliyemkalisha pale, kwa mkono wangu, na kwamba leo bosi aliponiambia ninyamaze nilinyamaza. Nilipomaliza nilikuwa nimechoka kama mtu aliyebeba friji lile peke yake. Shemeji alikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja kimefungwa, kingine wazi. Alinitazama, akamtazama mkewe, akaona si neno lake.

Mdogo wangu siku hizi lazima ajipange kabla ya kusema, pumzi kidogo, neno kidogo.

"Ulitaka mpate upepo," akasema.

"Ndiyo."

"Uani hakukuwa na watu."

"Hakukuwa na mtu. Lakini baadaye walikuwapo, na sikufikiri. Nilipita chini ya feni ile kila siku na sikufikiri."

"Hata mimi nilikaa chini yake na sikufikiri." Akavuta pumzi. "Kiti ulinipa kwa mapenzi, dada. Hilo la feni limekwisha. Nimekusamehe, na sitaki lisemwe tena humu ndani."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nilianza kushukuru, maneno yakigongana, nikamshika mkono. Aliuacha mkono wake mkononi mwangu, lakini haukunishika. Akaninyamazisha kwa kidole.

"Pale hospitali," akasema. "Kwenye benchi."

Nikajua. Kabla hajaendelea nikajua, na nikatamani turudi kwenye feni, tubaki kwenye feni.

"Daktari hanijui. Alinusa akaandika. Huyu," akamwonyesha mumewe kwa kidevu, "alikuwa na foronya na kiberiti. Wewe ulinibeba mgongoni. Ukashusha sauti, ukaniuliza." Akapumzika. Nilisikia kifua chake kikikwaruza, nikasubiri, kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya. "Feni hukuijua, dada. Mimi ulikuwa unanijua."

Shemeji aliinuka akafungua dirisha, kisha akatoka kibarazani. Baada ya kitambo nikasikia nyundo yake. Mdogo wangu alikuwa ameugeukia ukuta, si kwa hasira, alikuwa amechoka tu, na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti pale sakafuni, nikitafuta jibu.

Ni mwezi wa pili sasa tangu siku ile. Feni imegeuzwa inatazama inakotakiwa, turubai za uani zimeondolewa, na Mwalimu analalamika kwamba mvua inamzimia sigara. Kiti chenye mto mwekundu nilikiomba kwa bosi nikakipeleka nyumbani kwangu, nacho kimekaa jikoni, hakikaliwi. Kila siku nikitoka kazini naoga, nabadilisha nguo zote hadi kitambaa cha kichwa, ndipo naenda kumwona mdogo wangu. Anaitikia salamu vizuri. Ananiuliza habari za miguu yangu. Daktari alifuta yale maneno mawili kwenye faili, mbele yetu, akaandika mengine.

Na mimi nikikaa kando ya kitanda chake huwa nashusha sauti ili nimwambie kitu, halafu nakumbuka hii ndiyo ile sauti, nanyamaza, namsogezea maji.